Mwandishi wa mfululizo atufungulie sanduku la mume, aache vikombe vya chai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme la moyoni kuhusu hadithi ya mfululizo mnayoichapa kila Jumamosi, ile ya tajiri wa Mbezi Beach na wake zake watatu. Ninaisoma tangu sehemu ya kwanza. Gazeti hununuliwa na mjukuu wangu hapa Magomeni Mapipa anaporudi kazini, nami huisoma kwa sauti barazani, kwa sababu jirani zangu wawili macho yao hayaoni tena herufi ndogo, na wa tatu anaona vizuri sana ila anapenda kusomewa. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ni mtu aliyechungulia kurasa mbili akakunja uso. Mimi ni wa nyumbani, na malalamiko yangu ni ya mtu wa nyumbani.

Sehemu ya 29 imetuacha jikoni. Ni usiku wa manane, umeme umekatika, bi mkubwa amefungua fundo kwenye pindo la kanga yake na kutoa karatasi ndogo aliyopewa na mganga, na mbele yake vipo vikombe vitatu vya chai ya tangawizi. Mwandishi hakutuambia unga ule utamiminwa katika kikombe cha nani. Baraza letu limegawanyika: mmoja anasema ni cha bi mdogo, mwingine anasema ni cha mume, na yule anayependa kusomewa anashikilia kwamba bi wa kati amekwisha kuvibadilisha vikombe tangu jioni. Nakiri kwamba ubishi huo umetupatia raha ya wiki nzima. Lakini usiku ule nilikwenda kulala nikiwa nimekasirika, na zilipita siku mbili kabla sijajua hasa nimekasirishwa na nani.

Nimekasirishwa na mume. Niliyarudia magazeti ya nyuma, maana huwa siyafungii maandazi mpaka hadithi iishe, nikahesabu. Katika sehemu 29 tajiri yule amefungua kinywa mara 11, na katika hizo mara saba ameomba chakula, maji au taulo. Wake zake wanapangiana njama, wanasikilizana mlangoni, wanapekuliana mikoba, wanakwenda kwa mganga Bagamoyo kwa teksi mbili tofauti zinazopishana njiani. Yeye anaingia, anakula, anatoka. Amefanywa kuwa kama kabati la vyombo vya thamani, ambalo kila mtu analigombea lakini lenyewe halina linalolijua wala linalolificha. Hapo ndipo mwandishi anapotudanganya. Katika nyumba ya mitara siri kubwa huwa ni za mume, na ule uhasama wa wake tunaousoma kila Jumamosi huota juu ya yale ambayo yeye ameamua kila mmoja wao asiyajue.

Nasema haya nikiwa na vyeti viwili. Cha kwanza ni cha kazi: nilikuwa mpiga chapa na baadaye karani katika mahakama moja ya mwanzo hapa jijini kwa miaka 27 hadi nilipostaafu, na mafaili ya ndoa na mirathi yamepita mikononi mwangu mengi kuliko sahani nilizopata kuosha. Cha pili ni cha kuzaliwa. Mimi ni mtoto wa mke wa pili, na nililelewa na mama wawili katika nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, mama mkubwa akiwa na vyumba vya kulia, sisi vya kushoto, na wapangaji wawili mbele.

Mtu asidhani ninakuja kusema kwamba wake wenza hupendana kama ndugu wa tumbo moja. Mama yangu na mama mkubwa waliwahi kununiana miezi 11 kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi. Baba aliileta kutoka Kariakoo, mbuzi nzuri ya mninga yenye ulimi uliokaza, na kesho yake vita vikaanza.

"Mwambie mama yako anirudishie mbuzi yangu," mama mkubwa aliniambia, na mama mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo, umbali wa mkono mmoja, anapeta mchele.

"Mwambie mama yako mkubwa kwamba mbuzi ni yangu, nimeletewa na mume wangu," mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Nilikuwa na miaka tisa, nami nilizichukua salamu hizo na kuzifikisha kwa adabu zote, nikigeuza shingo kulia na kushoto. Mbuzi ile ilifichwa chini ya vitanda viwili kwa zamu, ikafichwa darini, ikafichwa kwa mpangaji. Kuna juma zima tulikula maharage makavu yasiyo na tui kwa sababu kila mama alisubiri mwenzake aitoe. Baba alikula maharage yale akauliza kwa nini hayana nazi. Mwandishi wenu angekuwapo angetoa sehemu tatu kuhusu wivu wa wanawake. Lakini hakuna aliyemuuliza baba chochote, na ni yeye mwenyewe aliyekuja kutusimulia uzeeni, akicheka hadi machozi yanamtoka, kwamba alinunua mbuzi moja na kila mke alimwambia chumbani kwake, katika zamu yake, "Hii nimekuletea wewe peke yako, lakini usimtambie mwenzako."

Nitairudia habari hiyo. Kwanza nije kwenye sumu.

Tumeambiwa katika sehemu ya nne kwamba tajiri huyu ni Alhaji aliyehiji mara mbili, na anaishi maisha ya dini. Basi mirathi yake itakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na sheria hiyo inauharibu mpango wa bi mkubwa pande zote. Akimuua mume, hapati kitu, kwa sababu muuaji hamrithi aliyemuua. Akimuua bi mdogo, hesabu yake ni hii. Mume mwenye watoto akifa, mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane ya mali, na wake wakiwa wawili, watatu au wanne hawaongezewi fungu. Wanaigawana thumni ile ile. Tuseme kasri lile la ufukweni pamoja na fremu zote za Kariakoo zina thamani ya shilingi milioni 960 baada ya madeni na gharama za mazishi kulipwa. Thumni yake ni milioni 120, na kila mke kati ya watatu ana milioni 40. Bi mdogo akitangulia, waliobaki watapata milioni 60 kila mmoja. Yaani mwanamke mwenye akili zake, aliyeendesha duka miaka 20 kama tulivyoambiwa, ajitie katika hatari ya kitanzi kwa nyongeza ya milioni 20 ambayo hata hataiona mpaka mume naye afe, na huku milioni 840 zinawapita wote watatu zikienda kwa watoto na warithi wengine!

Watoto ndio mali ilipo, na mwandishi amewapeleka wote wawili Uingereza masomoni ili wasimsumbue. Katika miaka yangu yote ya ukarani sikumbuki faili la wake wenza waliotiliana sumu. Nakumbuka mengi ambamo watu wazima waligombania cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja, kama jina la baba liliandikwa siku ile ile au liliongezwa baadaye kwa kalamu nyingine.

Halafu kuna ule wosia wa sehemu ya 17, ambao tajiri anamwachia bi mdogo kila kitu, na ambao ndio unaowatia wazimu wenzake wawili. Jirani yangu mmoja, ambaye mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa, aliponisikia nikiusoma alisema "mh!" moja ndefu na hakuongeza neno. Wosia kwa Mwislamu hauvuki theluthi ya mali, na hauwi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Bi mdogo ni mke, kwa hiyo ni mrithi. Karatasi ile anayoificha chini ya godoro sehemu 12 mfululizo haimpi hata kijiko bila ridhaa ya hao hao anaowaficha. Wanaume wanaojua wanachokifanya hawasubiri kufa. Hutoa hiba wakiwa hai na kukabidhi, au huandikisha fremu kwa jina la mtoto wa miaka minne, au hununua kiwanja Kigamboni kwa barua ya mauziano iliyopigwa mhuri wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili ambao hakuna mke hata mmoja anayewafahamu. Mke anagundua akiwa mjane. Hiyo ndiyo taharuki, Ndugu Mhariri, na haihitaji mganga. (Kuhusu waganga nisiseme mengi, nguzo za umeme za mtaa wetu zimekwisha kujaa matangazo yao ya mvuto wa biashara na kurudisha mpenzi, na sidhani kama wanahitaji tena tangazo la bure katika gazeti.)

Kama mwandishi anataka kisa cha benki, kipo, tena cha kweli. Mwanamke mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Tabata, mke wa kwanza, alijua kwamba nyumba anayoishi imewekwa rehani siku alipowakuta vijana wawili wakipiga picha ukuta wa mbele na kuhesabu madirisha. Mkopo ulikwisha kuchukuliwa, ulikwisha kuliwa, na marejesho yalikuwa yamesimama. Alipoomba kuona karatasi alionyeshwa ridhaa ya mke, imesainiwa vizuri na kubandikwa picha ndogo, ila picha ile haikuwa yake. Mumewe alimpeleka mke wa pili kusaini. Huyo naye hakuwa mwizi. Hakuwahi hata kuingia katika nyumba aliyoitolea ridhaa, aliambiwa ni karatasi za kawaida tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, imeliona jambo hili waziwazi, kwa sababu inataka rehani ya nyumba ya ndoa iridhiwe na mwenzi au wenzi wa mkopaji wanaoishi katika nyumba hiyo, na inamtaka mkopeshaji naye achukue hatua za kutosha kuhakikisha. Neno "wenzi" limo humo kwa makusudi, na maneno "wanaoishi katika nyumba hiyo" yana makusudi zaidi. Lakini sheria haitembei yenyewe hadi Tabata kugonga mlango na kuuliza nani anapika humu.

Wanawake hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Walionana mara ya kwanza kwenye korido ya baraza la ardhi, wamekaa benchi moja, wanasubiri kuitwa. Nilikuwa nimemsindikiza yule mkubwa, na nilijiandaa kuamua ugomvi. Alimtazama mwenzake kwa muda, kisha akamuuliza jambo moja tu.

"Wewe alikwambia fedha ni za lori au za kisima?"

"Za lori," yule mdogo akasema.

"Mimi aliniambia za kisima."

Wakanyamaza wote wawili mpaka tulipoitwa ndani. Sijapata kusoma katika sehemu zote 29 za hadithi yenu mazungumzo mafupi kama hayo yaliyofungua mambo makubwa kama hayo.

Kitu kingine kilichoniudhi ni sehemu ya 22, pale shemeji anapomwambia bi mkubwa kwamba yeye ni mama wa nyumbani tu, hakuchuma kitu, na bi mkubwa analia hadi mwisho wa ukurasa kana kwamba ameambiwa kweli. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kusema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, na kwamba zinahesabiwa mali hiyo inapogawanywa baada ya talaka. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi naye akazitapanya. Hilo nalo lingekuwa kisa kizuri kwa mwandishi mwenye subira. Lakini maneno ya shemeji yule yalipitwa na wakati miaka mingi iliyopita, na bi mkubwa wenu anasoma magazeti, tumeambiwa hivyo. Asingelia. Angemuuliza shemeji amesomea wapi.

Sehemu ya nane niliipenda, na ni haki niseme. Bi mkubwa anaijua ndoa ya tatu kwa kuona picha kwenye simu ya mteja dukani, bibi harusi amekaa kwenye kiti chekundu na mkono wa mume wake anaujua kwa saa aliyoivaa. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla, na kifungu chake cha 20 kinampa mke aliyepo haki ya kupinga mume asiongeze mwingine, kwa hoja kwamba uwezo wake hautoshi na waliopo pamoja na watoto watataabika, au kwamba huyo anayekuja ana sifa mbaya iliyokithiri, au ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Ukikisoma kifungu hicho polepole utaona kwamba hadithi yenu yote imo ndani yake. Ninachoweza kuongeza kama karani ni kwamba niliona wanawake wengi waliokuwa na hoja hizo zote, na karibu wote walikuja kuzitoa wakati bibi harusi ana mimba ya miezi sita. Hawakuwa wazembe. Mtu hapingi jambo ambalo hajaambiwa.

Na kutoambiwa huko hakuishi mume anapokufa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama ya mwanzo hutakiwa kuleta orodha ya mali na madeni, ile fomu namba 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Weka muda huo wote mezani uone: sehemu kubwa ya kuhesabu, kuthamini na kusahau mali za marehemu hufanyika wakati mjane yuko ndani, na waliopo nje ni shemeji na wapwa. Nimepokea mihtasari ya vikao vya ukoo yenye saini 14 za kalamu moja na mwandiko mmoja. Nimepokea mmoja ulioandikwa "marehemu ameacha wake wawili", na nilipouinua dirishani kwenye mwanga niliona chini ya wino mweupe wa kufutia jina la mke wa tatu likisomeka vizuri kabisa, hadi herufi ya mwisho. Nilimpelekea hakimu. Sikulala vizuri siku ile, kwa sababu lilinikumbusha la nyumbani kwetu.

Baba yetu alifariki mwaka 1994, wakati wa masika. Hakuwa tajiri wa hadithini: alikuwa na nyumba ile ya Magomeni, nyingine ndogo Temeke, na fremu mbili Kariakoo. Katika fremu moja palikuwa na sanduku la chuma la rangi ya kijani lenye makufuli mawili, ambalo watoto wote tulilijua kwa sababu tulikatazwa kulikalia. Siku ya nne ya msiba baba mdogo alilileta nyumbani kwa mkokoteni, akaliweka chini katika chumba cha mama mkubwa walimokaa wajane wawili, akauliza kwa upole kama kuna anayejua ufunguo ulipo.

Mama mkubwa aliinuka, akapapasa mshono wa godoro, akatoa ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi mweusi. Wakati huo huo mama yangu alikuwa amekwisha kunituma nilete kijaluba chake cha udi, na alipokifungua ulikuwamo ufunguo wa kampuni ile ile, wa ukubwa ule ule, umefungwa kwa uzi mweusi ule ule. Kila mmoja akautazama ufunguo wa mwenziwe kama mtu anayeiona nguo yake imevaliwa na mwingine harusini. Ikajulikana pale pale. Kila mmoja aliambiwa kwamba sanduku lina ufunguo mmoja tu, kwamba amepewa yeye kwa kuwa ndiye anayeaminiwa, kwamba asilifungue mpaka mume afe, na kwamba mwenzake asijue. Mama aliuficha ufunguo wake miaka 18. Mama mkubwa aliuficha wake miaka 23. Na hakuna ambaye angeweza kulifungua sanduku peke yake hata kama angeiba muda wa kujaribu, kwa sababu ufunguo wa mama mkubwa ulikuwa wa kufuli la kulia na wa mama ulikuwa wa kufuli la kushoto.

Nilikumbuka mbuzi ya kukunia nazi. Naamini nao walikumbuka.

Walilifungua pamoja, wamepiga magoti kila mmoja upande wake. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya ardhi zilizopangwa kwa miaka, hati ya Temeke, picha za baba akiwa kijana, na chini kabisa bahasha yenye vitu viwili: cheti cha ndoa cha mwaka 1978, na ofa ya kiwanja cha Mbezi, ya mwaka uliofuata, kwa jina la mtoto ambaye jina lake la kwanza hatukulijua na jina lake la pili lilikuwa la baba yetu. Jina la mwanamke kwenye cheti nililisoma kwa sauti, maana mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kusoma hata wakati ule, na kabla sijamaliza mama alishika mdomo. Alimfahamu. Walikuwa wakicheza upatu pamoja, kwa kijumbe mmoja, kwa miaka sita. Mwanamke huyo alimjua mama ni mke wa nani tangu siku ya kwanza, alipokea zamu zake, alitoa za wenzake, na hakusema neno. Na wakati sisi tunaisoma ile bahasha alikuwa uwani kwetu, amekaa kwenye kigoda pamoja na wanawake wa mtaa waliokuja msibani, anamenya vitunguu.

Chumba kilikuwa kimya. Baba mdogo alitazama mlango kama mtu anayepima umbali. Mwisho mama alisema, si kwa hasira wala kwa upole, bali kama anayetoa ushahidi: "Miaka sita. Hajawahi kuchelewesha mchezo hata siku moja."

Mama mkubwa akacheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyefiwa, cha kukatika katika, akajifuta uso kwa kanga, kisha akaniambia maneno ambayo mwandishi wenu ningempa bure ayatumie apendavyo: "Nenda kamwite huyo mama yako mdogo aache vitunguu. Na yeye ana eda ya kukaa."

Akaja. Walikaa eda watatu katika chumba kimoja cha Magomeni, na sitasema kwamba waliishi kwa amani tangu hapo, kwa sababu mwaka uliofuata waligombana vibaya juu ya pango la fremu na mjumbe aliitwa mara mbili. Lakini waligombana wakiwa na karatasi mkononi, kila mmoja anajua wenzake ni wangapi na mali ni ipi, na ugomvi wa namna hiyo una mwisho. Ule wa mbuzi usingekwisha kamwe kama isingevunjika ulimi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi, ambaye sina ugomvi naye na kalamu yake naiheshimu, ni dogo. Amtoe tajiri yule mezani. Ampe sehemu moja nzima azungumze, kwanza na bi mkubwa, kisha na bi wa kati, kisha na bi mdogo, usiku tatu mfululizo, na atuache sisi wasomaji tusikie anachomwambia kila mmoja. Tutaogopa kuliko tulivyomwogopa mganga wa Bagamoyo. Na katika ofisi yake ya Kariakoo, ile yenye kiyoyozi kibovu, lipo kabati la chuma lililotajwa mara moja katika sehemu ya pili na halijafunguliwa hadi leo. Baraza letu lote linalikumbuka.

Ama vile vikombe vitatu, tafadhali avimwage tu. Tangu Jumamosi chai itakuwa imekwisha kupoa.

Mstaafu, mtoto wa mke wa pili,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi wa barua)